Jina la Mwiba

Sirari, Jumatano

Kaka Magige,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri huko Natta, na wageni wa kambi yenu ya watalii hawakusumbui sana. Sisi huku hatujambo. Mama kifua kinambana asubuhi, lakini anakula na anagombeza watu kama kawaida. Mkeo Beatrice na watoto wazima, niliwaona Jumapili. Biashara yangu ya mahindi hapa mpakani inakwenda.

Salamu zimeishia hapo. Hiyo shikamoo, kaka, nimeitoa kwa sababu umenizidi umri. Ya moyoni leo haipo. Nimekasirika na naandika haraka haraka, kwa hiyo mwandiko ukikushinda, soma polepole. Nimeandika kwenye karatasi makusudi na barua nampa kondakta wa basi la Mugumu, maana kwenye simu yako siku hizi mtu akisema neno linapigwa picha na kurushwa kwa watu.

Unajua ninachozungumzia. Kundi letu la WhatsApp la kijiji, ambalo admini ni wewe, lilikuwa zuri jamani. Watu walijiita majina ya utani na tulijuana vizuri tu. Kibiriti ni yule fundi wa pikipiki, Bwana Mvua ni yule anayetabiri kila siku na mvua hainyeshi. Mliyeshindwa kumjua ni Mwiba peke yake. Mwiba aliandika yale ambayo wengine wanayanong'ona gulioni: mchango wa barabara umeliwa na nani, dawa za zahanati zinauzwa duka gani. Mlikuwa mnacheka, mnamwekea vidole gumba, na wewe ulikuwa wa kwanza.

Halafu maksai wa mwalimu Efrazia wakaibwa, wale anaolimia. Mwiba akaandika kwamba kabla ya kuvushwa mpaka kwenda Isebania, upande wa Kenya, walikuwa mikononi mwa Waitara. Kicheko kikaisha hapo hapo. Waitara ni rika lako, mmetahiriwa msimu mmoja, na wewe mtu wa rika lako akikuomba kitu hujui kukataa. Siku hiyo hiyo ukaweka sheria: kila mtu atumie jina halisi lililo kwenye kitambulisho, asiyetaka atolewe. Ukaongeza kwamba mtu msafi hana sababu ya kujificha.

Mtu msafi! Hivi kaka, huyo mtu msafi ana shingo ya chuma? Nani atoe jina lake na la baba yake, aseme fulani ni mwizi wa ng'ombe, halafu akalale kwenye nyumba ya nyasi na watoto wake? Wewe unalala kambini na askari yuko getini. Ni rahisi sana kuwa jasiri kwa mgongo wa watu wengine.

Watu wakakutii. Kundi likajaa Chacha Mwita, Mwita Chacha na Chacha Mwita mwingine, hata hatujui tunaongea na nani. Wiki iliyopita mtu mzima kapewa pole ya msiba na hajafiwa. Mwiba hakubadilisha jina, na badala ya kumtoa tu, ukafanya ule ujanja wako. Uliingiza namba yake kama unataka kumtumia pesa, jina la mwenye laini likatokea, ukapiga picha, ukaghairi muamala, ukairusha kwenye kundi. Rhobi Nyamhanga. Ukaandika chini yake kwamba nyoka ametoka shimoni.

Ebo! Rhobi gani, kaka? Bibi Rhobi wa kule bondeni, aliyekuwa anatupa maziwa ya mgando tukitoka shule. Rhobi hajui kusoma. Simu yake ni ya tochi, na kioo kimefungwa kwa mpira. Watu wote mnajua, wewe mwenyewe ulikuwa unamsomea barua za mwanawe. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza bibi huyo anaandikaje WhatsApp. Jina limetokea kwenye kioo, basi imekuwa kweli.

Jioni ile vijana wa Waitara walikwenda kwake. Walivunja jiko, wakakata migomba yote, na mmoja akamsukuma akaangukia mkono. Daktari amesema umevunjika. Kisha wazee wakaitisha iritongo, mkutano wa kijiji, wakamuuliza kama yeye ni Mwiba. Alijibu kwamba kidole kilichosajili ile laini ni chake. Wakamuuliza kama yuko tayari kula kiapo kwamba hakuandika, halafu aseme laini alimpa nani. Akajibu vile vile, kidole ni chake. Basi wakamtenga. Asisalimiwe, asiuziwe chumvi, asichote maji watu wakiwepo, na Jumamosi mkutano unakaa tena kumfukuza kijijini. Bibi wa umri ule, na mkono kwenye bandeji, aende wapi?

Sasa nikwambie laini alimpa nani. Mwaka ule wa kusajili kwa alama za vidole, namba yangu ya kitambulisho cha NIDA ilikuwa haijatoka, na mimi nilihitaji laini ya pili ya biashara. Rhobi akaja nami mpaka kwa wakala, akaweka kidole chake. Mwiba ni mimi, Mokami, mdogo wako. Nilikwenda kwake usiku kumwomba anitaje. Alinifukuza. Alisema mimi nina watoto wadogo na yeye ameshazeeka. Nililia njia nzima, na hasira yangu yote ilikuwa juu yako.

Na bado sijamaliza. Maksai wa Efrazia nimejuaje? Beatrice aliniambia. Walilala kwenye zizi lako, Magige. Waitara aliwaleta kwako giza likiingia, na mkeo alipokataa kufungua, Waitara akakupigia simu, nawe ukamwambia Beatrice afungue na afunge mdomo. Hayo yote niliyajua siku ile nilipoandika. Nilimtaja Waitara, zizi lako nikaliruka. Nilisema moyoni, huyu ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, labda alidanganywa. Wewe ulipopata jina la mwenzio hukungoja hata maji ya chai yachemke.

Jumamosi nitasimama mbele ya iritongo nikiwa na mama upande huu na Efrazia upande ule. Nimeshamweleza mama kila kitu, amelia, amesema niende. Nitasema Mwiba ni nani, Rhobi aachwe. Wakiniuliza maksai walilala wapi, nitawajibu kwa jina lako lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Beatrice amekubali kusema baada yangu. Kama una lako la kusema, basi la asubuhi kutoka Mugumu linafika kabla mkutano haujaanza.

Wasalimie wenzako wa kambini. Mama anakusalimu, amesema uvae sweta asubuhi, baridi ya huko anaijua.

Ni mimi mdogo wako,
Mokami