Sala ya Vernelle

Earline, uko? Nimetoka kanisani sasa hivi, hebu nisikilize.

Unajua leo saa kumi na moja jioni chuo kikuu kinatoa majibu ya walioomba nafasi mapema. Mjukuu wangu Keziah ameomba, na binti wa Vernelle ameomba chuo hicho hicho.

Basi tukashikana mikono, sisi kina mama na mabinti, Vernelle akaongoza sala. Alikuwa kando yangu, kanishika mkono kabisa! Akasema, "Bwana, wewe wajua hawachukui wawili kutoka shule moja. Mfungulie wangu mlango, na yule mwingine umfungie taratibu, asiumie sana."

Asiumie sana! Mkono wangu ukiwa mkononi mwake, Earline!

Wote wakaitikia amina. Na Keziah, macho kafumba kwa imani yake yote, naye akaitikia amina.

Sala ilipokwisha nikamkabili. Akatabasamu. "Tumwachie Mungu, dada Lucille."

Nikamwambia, "Humwachii, Vernelle. Umeshamtuma."

Asiumie sana! Nimefika nyumbani nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, bado nasikia jasho lake.

Imebaki saa moja. Keziah kaketi mbele ya kompyuta, ananiuliza, "Bibi, ile amina niliyoitikia itahesabika?"

Nimemjibu kwamba Mungu hapokei sahihi ya mtu aliyefumbishwa macho. Nimesema kwa sauti ya uhakika, mtoto atulie. Lakini wewe niambie kweli, Earline. Nimemjibu sawa?