Jiwe la Kubembeleza

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu hizi ukiwa umesimama, maana najua ukiketi tu utaanza kukagua makosa yangu ya maandishi. Habari za afya, habari za kazi, habari za shemeji na watoto? Mimi huku ni mzima, tena mzima kupita kiasi. Mkanda wa suruali umehamia tundu la mwisho. Kondoo nao hawajambo. Baba ndiye nusu kwa nusu, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu.

Macho yake, kama unavyojua, yalishafunga kazi. Sasa masikio yanafuata. Nikimwambia chai iko tayari, ananijibu kwamba hata yeye anaona mvua itanyesha. Tulikuwa tukicheka wote wawili, mpaka wiki iliyopita aliponiambia kwa utulivu kwamba kuna sauti moja anataka kuisikia kabla kimya hakijamfunika: sauti ya Jiwe la Kubembeleza, kule kileleni.

Unalikumbuka, kubwa kama chumba, limekaa juu ya mwamba mwingine kama kofia iliyovaliwa kwa haraka. Bibi alikuwa akituambia kwamba ni kitanda cha mtoto wa jitu. Mama yake alimlaza pale akaenda kutafuta maji, akapotelea kwenye ukungu, na tangu hapo kila apitaye ambembeleze mtoto wa watu. Ukilisukuma kwa hasira halitikisiki, hata mje kijiji kizima. Ukilisukuma kwa upole linayumba na kunguruma chini kwa chini, duu, duu, mpaka nyayo zinasikia.

Mimi, mtu niliyeendesha lori katika nchi ambazo hata majina yake siwezi kuyaandika, nikasema hilo ni jambo dogo. Nikambeba Baba mgongoni. Ule uwanda unaujua: nyasi ngumu kama brashi, tope jeusi linalomeza buti na soksi yake, na upepo usio na adabu hata kwa wazee. Njia nzima Baba ndiye aliyenielekeza, yeye asiyeona. Mimi mwenye macho nikawa wa kuuliza. Nilipoomba kupumzika kwa mara nyingine tena, akauliza kama lori langu limeishiwa mafuta.

Kileleni nikamketisha kwenye ule mwamba wa chini unaolibeba jiwe, nikavua koti, nikasukuma. Dada, jiwe lilinitazama tu. Nikasukuma kwa mikono, nikasukuma kwa matusi. Rafiki yangu fundi wa pikipiki, mwenye mikono kama magogo, alikuwa amekuja nyuma yetu na chupa ya chai. Naye akaingia kazini, tukaishia kusukumana sisi wenyewe. Jiwe kimya. Na Baba ameketi pale, kichwa kimeinama, kiganja kakibandika mwambani, anangoja kama mtoto anayemngoja mama yake arudi kutoka sokoni.

Sikuweza kumvunja moyo. Nikaokota mawe mawili, nikazunguka nyuma, nikayagonganisha polepole: duu, duu. Baba akatabasamu. Akasema ahsante mwanangu, nimesikia. Fundi akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Nami nikashuka mlima na raha ya mtu aliyetenda wema kwa bei rahisi.

Sasa unaweza kuketi, Dada. Hapa ndipo pa kuketi.

Jioni, nikimvua buti kando ya jiko, Baba alinishika mkono. "Umegonga vizuri," akasema. "Lakini jiwe lile haliongei na masikio. Linaongea na mifupa, na kiganja changu hakikupata kitu. Mwite dada yako. Mwambie ni mimi ninayemwita."

Ulipoondoka, baada ya Baba kukuambia kwamba kondoo na mlima si kazi ya mwanamke, uliapa hutarudi mpaka neno litoke kinywani mwake mwenyewe. Basi limetoka. Najua utasema nimelitunga. Kwa kutunga najulikana, sikatai. Nikamwambia Baba hivyo hivyo, kwamba hutaniamini. Akasema nikuandikie hili: siku moja kabla hujaondoka, macho yake yakiwa bado yanaona, alikukuta kileleni peke yako. Ulikuwa umeliegemea jiwe kwa mgongo, uso umeelekea bondeni, unasukuma na kungoja, unasukuma na kungoja, kama mtu anayepumua. Nalo lilikuwa linanguruma. "Nilisimama kwenye ukungu," akasema, "nikajua mlima ni wa nani, nikashindwa kufungua kinywa."

Hilo mimi sikulijua, Dada. Miaka yote hii nasukuma kwa mikono.

Nisalimie shemeji, na watoto waambie mjomba wao bado ni shujaa, usiwape maelezo zaidi. Njoo na buti nzuri. Za kuazima sina, moja imebaki mlimani. Baba anakusalimu, na leo ameniuliza mara kadhaa kama barua imeshaondoka. Mgongo wangu uko tayari kumbeba tena. Wako tunauhitaji kwa ajili ya jiwe.

Ni mimi mdogo wako,
Dereva