Mgonjwa Wako wa Mazoezi

Mama Béatrice,

Mvua imerudi Bunia, na binti yako anayekaa mtaa wa Saio amepanda maharage nyuma ya jikoni. Naanza na hilo kwa sababu yanayofuata yananitisha.

Tangu ulipotuacha, chuo kinatafuta mwalimu wa kushika nafasi yako. Mageuzi ya LMD, ule mfumo mpya wa shahada, yanataka mwalimu wa uuguzi awe na shahada ya juu, afanye utafiti, afundishe kwa kompyuta. Wewe hukuyapinga. Ulikuja mwenyewe ofisini kwangu, miwani puani, nikufundishe kompyuta, na ulipoona naogopa kukusahihisha ukanicheka: "Mutoto, sema tu nimekosea! Siye wote tuko wanafunzi."

Kisha, kila walipofika wanafunzi wapya, uliniita kwenye chumba cha mazoezi: "Karani, kuya. Leo weye njo mugonjwa." Nikalala kitandani na tai yangu, nikajifanya mgonjwa, nikalishwa uji. Yule msichana aliyetoka Fataki alinimwagia uji shingoni. Wote walicheka isipokuwa wewe. Ulimwambia kwa upole, "Haukumuambia kama unaleta kijiko. Ingekuwa weye, ungefungua kinywa?" Mara ya pili aliniambia kwanza, na nikala.

Waombaji wa nafasi yako wamebaki wawili, na leo asubuhi kamati ilikaa kuamua wapimwe vipi. Mimi nilikuwepo kuandika kumbukumbu tu. Walitaja shahada, makala, kompyuta. Kitanda hakikutajwa. Mama, unajua nilivyo mwoga. Na mkataba wangu, anayeutia sahihi ni Mkurugenzi. Lakini nikajisikia nasema, "Na kama hajui kumfundisha mwanafunzi kumgusa mgonjwa?"

Mkurugenzi akanigeukia. "Weye unajua nini ya uuguzi?"

"Nilikuwa mgonjwa wa Mama Béatrice."

Mtu mmoja alicheka. Mkurugenzi hakucheka. "Bon, sawa. Kesho wale wawili wafundishe kwenye kitanda. Weye njo mugonjwa. Utatuambia nani alifundisha muzuri."

Mmoja wa hao wawili ni mtoto wa dada yake Mkurugenzi.

Lakini nitalala pale, Mama. Huyo kijana akifundisha vizuri, nitamsifu bila kinyongo. Akiwaacha wanafunzi wanigeuze kama gunia la mihogo, nitasema hivyo hivyo, mbele ya mjomba wake. Nakuahidi.

Pumzika, Mama yangu. Mungu akushike kwa mikono mipole.

Mutoto wako wa ofisini