Gauni Lililokwama Mabegani

Chumba cha mbele, karibu na dirisha,
Nyumba ileile.
Jumapili mchana, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Na wifi yangu hajambo? Watoto je, yule wa mwisho bado anang'ang'ania kulala katikati yenu, au mmefaulu kumhamisha? Natumaini kifua chako kimepoa na dawa umezimaliza, maana nakujua, ukipata nafuu kidogo tu vidonge vinabaki mfukoni mpaka vifuliwe pamoja na suruali.

Sisi huku tupo. Wazima kwa jumla, ila tumechoka. Shemeji yako bado analinda ghala lilelile, na bado anarudi asubuhi akiapa hakufumba jicho, huku uso una alama za gunia alilolilalia. Mpwa wako amenipita kimo, na tangu anipite ananisemesha kana kwamba mimi ndiye mtoto.

Mkanda wa mgongo ulionitumia ulifika salama. Ahsante sana. Niliuvaa wiki mbili, nikakaa wima kama askari wa gwaride, kisha nikampa jirani yetu seremala, naye unamfaa kweli. Usinune. Nitakueleza kwa nini, ila nitafika huko polepole, kwani barua mbili zilizopita nilikusudia kukueleza nikaishia kukuandikia habari za mvua. Ni jambo linalokuhusu wewe, na naogopa ukishalisoma hutaniandikia tena.

Unakumbuka mgongo ulinianza mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Ulianzia chini ya bega la kushoto, ukashuka kiunoni, ukaweka makao. Nilibadilisha kiti, nikabadilisha godoro, nikaacha cherehani ya kukanyaga nikaazima ya umeme. Nilimeza vidonge mpaka tumbo likalalamika. Daktari alinipiga picha, akaitazama sana, akasema mifupa yangu ni mizima. Akaniuliza nyumbani kuna nini. Nikamjibu nyumbani kwema, nikatoka nimefura, nikiona ameniita mwongo. Maumivu yalikuwa ya kweli, mdogo wangu. Kuna asubuhi shemeji yako alinivalisha viatu.

Sasa sikia kioja. Miezi mitano iliyopita muuguzi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, mwanamke mpana wa mabega, alileta kitambaa cha kijani nimshonee gauni. Nilimpima, nikaandika vipimo vyake kwenye daftari kama kawaida. Kesho yake nikakata bila kulifungua daftari, mkono ulikwenda wenyewe. Alipokuja kujaribu, gauni likakwama mabegani. Akavuta, nikavuta, tukacheka. Kisha akajitazama kwenye kioo, mikono imenasa juu, akasema, "Fundi, hii umemshonea nani?"

Nikafungua daftari. Vipimo vyake vilikuwa vingine kabisa. Gauni lile nililijua. Bega inchi kumi na nne, kiuno chembamba, urefu mpaka kwenye kifundo cha mguu kwa sababu hakupenda miguu yake ionekane. Lilikuwa la mama. Miaka ishirini na miwili nikiitwa fundi, nimemshonea marehemu kwa kitambaa cha mtu!

Nililia mbele ya mteja. Mazikoni sikulia, nilikuwa nagawa viti. Yule muuguzi alikaa kwenye kigoda, gauni likiwa bado nusu mwilini, akaniacha nilie na wala hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza niliinama kuokota pini zilizomwagika, nikainuka, ndipo nikagundua kwamba nimeinama. Mgongo haukusema kitu mpaka jioni.

Kesho yake ulirudi, tena kwa kisirani. Lakini nilikuwa nimepata pa kuanzia. Nikachukua lile daftari la vipimo, nikawa naandika pembeni: leo nimeshona nini, nani amekuja, moyo ulikuwaje, mgongo umefanyaje. Sikufundishwa na mtu. Nilidhani nitakuta unaniuma siku za kazi nyingi. Wapi! Siku ya sare kumi na mbili za shule, kimya. Siku nyingine nilibadilisha zipu moja tu, ila mama mdogo alikuwa amepita asubuhi kunisifu jinsi nilivyo jasiri, kwamba mama aliacha mwana. Siku hiyo nilishindwa kusimama.

Siku ulizopiga simu wewe zilikuwa mbaya kuliko zote. Sikutaka kuamini. Nilirudi nyuma kurasa kadhaa nikitafuta kisingizio, pengine nilibeba ndoo, pengine nililala vibaya. Sikukiona.

Ninachofanya sasa ni kidogo, utanicheka. Mgongo ukianza kuniuma naacha kushona, naweka mkono palepale panapouma, nauuliza, leo nimemeza nini? Kisha nasema kwa sauti. Nimekasirika. Au nina huzuni. Au namwogopa tu mteja wa saa nane. Shemeji yako alidhani nagombana na cherehani. Siku nyingine unalegea nikiwa bado nasema. Siku nyingine haulegei, nakaa nao tu, kama mtu aliyekaa na mgeni asiyeaga. Inachosha kujisikiliza hivyo kila siku, sitakuficha. Yapo majuma natamani niwe na mfupa uliovunjika, ufungwe, yaishe. Sijapona, usimtangazie mtu. Ila viatu navaa mwenyewe, na mwezi wa pili huu sijagusa kidonge.

Lililobaki ni lako, maana kulisema peke yangu chumbani halijatosha. Nimekukasirikia.

Miaka mitatu nilimgeuza mama kitandani, asubuhi na jioni, mimi na mikono yangu miwili. Wiki mbili za mwisho alikuulizia kila siku. Nilimwambia uko njiani. Akawa anageuza shingo kila mlango ukilia. Na wewe ukipiga simu, natoka nje kuongea, nakuambia mama hajambo, usijisumbue, usiiache kazi yako.

Nami nilitaka uje. Nilitaka usinisikilize. Nilitaka uisikie sauti yangu tu ujue, kama ulivyokuwa ukijua tulipokuwa wadogo, ukinikuta nimejifungia chooni unasimama nje ya mlango bila kuuliza kitu. Nilitaka upande gari. Wewe ukanitii. Mwaka na nusu sasa nimekukasirikia kwa kunitii, na kila uliponiuliza habari za mgongo nilikujibu hakuna neno, nao ukakaza maradufu.

Hasira hiyo nimeishika sana kwa sababu ilikuwa nyepesi kuliko hii nyingine niliyoigundua chini yake. Mama alikufa akiangalia mlango, na aliyemwambia auangalie ni mimi. Nimeliandika hili kwenye daftari mara nyingi. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu mwingine analisoma. Mgongo unaniuma ninavyoandika hapa, na sitaacha kuandika.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usinijibu "hakuna neno, dada". Kama umekasirika, kasirika kwenye karatasi, hata kurasa kumi, nitazisoma zote mpaka mwisho. Una haki. Mama alikuwa wako pia, na mimi nilikunyima kumuaga.

Shemeji yako anakusalimu, na seremala anakushukuru kwa mkanda. Mama mdogo anasema umekuwa mchoyo wa picha. Mshike mkono wifi yangu kwa niaba yangu, na watoto uwaambie shangazi yao angali anakumbuka vipimo vyao, ingawa najua vimeshapitwa. Mungu awatunze nyote, akupe wewe kifua chepesi na usingizi wa kutosha.

Ni mimi dada yako akupendaye, ninayengoja kugombezwa.