Koti Lako Limepanda Paa

Baba Akoth,

Nakuandikia nikiwa na hasira, usishangae mwandiko. Hujamaliza mwaka kaburini na mdogo wako Ouko keshaanza kujipimia kitanda chako. Kufa kufaana, watu husema, lakini sikujua wanamsema ndugu wa tumbo moja.

Unakumbuka uliiacha nyumba yetu vipi. Kenchi za paa zilikuwa zimesimama na mabati yapo juu yake, ila mbao za mshazari za kuzifunga pamoja zilikuwa bado zimeegemea ukuta, zile ulizoleta kutoka Osiri huku kifua kikikubana. Upepo wa ziwa ukivuma hapa Sindo, paa zima lilikuwa linayumba na kulia, na Akoth ananing'ang'ania. Mchana bati lilituchoma mpaka tukawa tunakula nje.

Ouko ni fundi, nikamwomba. Akasimama mlangoni, mikono mfukoni. "Mama Akoth, nyumba ya mjane haiguswi bila jater. Wewe nikubali tu, kesho mimi napanda." Eti jater, mrithi wako! Alale kwanza ndipo apige msumari! Tena akawazungukia mafundi wote kuwaonya kwamba atakayenisaidia atapatwa na chira, laana isiyo na dawa. Hakuja hata mmoja. Nilimchukia, Baba Akoth. Bado namchukia.

Nikamwendea mama yako nikilia. Alifungua sanduku akatoa koti lako la kahawia, lile nililovaa siku za matanga, maana mila inataka mjane avae nguo za mumewe. "Vaa," akaniambia. "Wakiuliza nani alipanda, waambie ni mwenye nyumba."

Nikapanda mchana kweupe, watu wakitazama, mikono ya koti imenimeza. Nilikumbuka ulivyonionyesha mezani kwa njiti za kiberiti: "Mraba unalala, pembetatu inasimama." Nikapigilia kila ubao kutoka mguu wa kenchi moja hadi kichwa cha ile inayofuata. Nilijigonga kidole gumba, nikatukana jina la Ouko, nikaendelea. Kisha juu ya boriti, chini ya bati, nikatandaza mikeka ya mafunjo, mmoja juu ya mwingine. Sasa ndani kuna ubaridi kama wa mtungini, na Akoth analala hata mvua ikipiga.

Juzi ikaja dhoruba. Ouko alikuja kusimama kwenye ua, akingoja paa ling'oke nimwite. Halikutikisika. Nikatoka kwenye mvua ile ile nikamwekea kigoda. "Shemeji, kaa. Usije ukachoka kusubiri." Majirani walicheka mpaka akaondoka. Raha niliyoipata siwezi kukuficha.

Najua ungeniambia nimsamehe. Sitaki.

Lala, mume wangu. Nakuahidi hataupita mlango huu kama mrithi nikiwa hai. Na nikifa, nimeshamwambia Akoth anizike ubavuni pako, nyundo ikiwa mkononi.

Nyar Suna wako, binti wa kwao Suna