Kula Nilinawa

Oya Cheche,

Profesa wa bando hapa. Ulikuwa unanicheka, "bando likiisha na akili inaisha." Basi bando lipo, na kila nikisoma humo kuhusu ugonjwa wako naumia zaidi.

Karakana yetu ya Kwa Mathias nimeifungua tena. Juzi nachomelea geti, cheche zikaruka, nikakuona: bati linateleza, linakufyeka ugoko mpaka mfupa, damu inanirukia viatuni. Na wewe unaniambia, "Acha kulia, shika mguu."

Lile bati halikukuua. Walikushona vizuri. Siku ya nne pale wodini ndo mguu ukawa mweusi, ukavimba mpaka nyuzi zinakata nyama. Usaha wa kijani. Harufu, mwanangu. Unapiga kichwa kwenye chuma cha kitanda, unawaambia wakate, wakate. Wakakata. Bado.

Daktari alisema ni vijidudu sugu, vya humohumo wodini, dawa vimeshazizoea. Sindano ya kwanza vikaitafuna. Ya pili vikaitafuna. Ile tuliyoifuata mpaka Dar, nayo. Kama vibaka wa panya rodi wameingia mtaani na polisi hawana risasi.

Ulipokata roho nilimkaba nesi, yule mnene aliyekuwa anakuita mchumba. Nikambamiza ukutani, nikamwambia mmemuua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kaka, wewe ulikuwa unanawa?"

Nikamwachia.

Unamkumbuka babu wa kitanda cha pembeni, mwenye kidonda cha kisukari? Bandeji yake ilikuwa na kijani hichohicho. Hakuwa na mtu, mimi ndo nilikuwa namgeuza. Namgeuza yeye, halafu nakuja kwako, nafunua bandeji yako nione kunaendaje. Ubwabwa wa mama yako ukifika, namimina maji, nanawa, tunakula. Kula nilinawa, Cheche. Kidonda chako sikunawa.

Labda siyo mimi. Nesi mwenyewe alikiri bomba la wodini lilikuwa kavu wiki nzima, na wao pia wana mikono. Sijui. Sitajua. Hapo ndo pananimaliza.

Maana kwenye arobaini yako, Kisarawe, mama yako aliishika mikono hii mbele ya watu, akaibusu. Akasema, "Hii ndiyo iliyomuuguza mwanangu." Nikatoka nyuma ya nyumba, nikapiga ukuta ngumi mpaka vidole vikachanika. Halafu nikaenda kunawa. Kwa sabuni. Sasa hivi ndo najua kunawa.

Basi lala, mwanangu. Nesi nimeshamwomba radhi. Na wewe nakuahidi, kidonda cha mtu sigusi tena bila kunawa, hata awe nani.

Ijumaa naenda kwa mama yako, amesema atanipikia. Nikimwambia, anaweza kunifukuza na asinione tena mpaka anakufa. Nikinyamaza, ataishika tena mikono hii aibusu.

Ungekuwa wewe, Cheche, ungefanyaje?