Kona Niliyoipita Mimi, Akaisimulia Yeye

Shoga, nimejifungia chooni uwanjani.

Zile mbio za magari za kupokezana usukani kwa muda wa saa sita, dereva mwenzangu kaendesha dakika arobaini, tumbo likamkata, akapelekwa kwa daktari. Saa zote zilizobaki nimeendesha mimi. Tumeshika nafasi ya pili.

Mwandishi kamuuliza YEYE tulimpitaje mpinzani kona ya mwisho.

Na akajibu, shoga. Akajibu. "Nilivuta subira, nikamwona anayumba, nikapita." Bosi wetu anaitikia kwa kichwa kama yuko kwenye mahubiri.

Nikavuta maikrofoni taratibu: "Ulipita ukiwa na dripu mkononi?"

Wote wakaitazama plasta mkononi mwake.

Bosi kanigongea mlango sasa hivi. Mbio zijazo naanza mimi, namaliza mimi. Ila kaniomba nisiongee na waandishi.